Kuwaombea Jirani Zetu Waislamu

(Hotuba ya mwinjilisti kutoka Maretadu, Mbulu, katika ibada ya misioni wakati wa maadhimisho ya miaka 100 ya usharika)



Baba Mchungaji, wazee wa usharika, wanakwaya, wageni waalikwa na washarika wote: nawaletea salamu za ndugu zenu wa Maretadu. Tumesafiri siku mbili kushuka huku pwani, mimi pamoja na akina mama wanne wa kikundi chetu cha maombi, na tunawashukuru kwa kutupokea kama watoto wa nyumbani.

Mmenipa somo la kuiombea kazi ya misioni miongoni mwa Waislamu. Nilipoisoma barua yenu nilisita. Ninyi mnaishi ukuta kwa ukuta na misikiti tangu babu zenu. Mimi ni Mwiraqw wa milimani, na Mwislamu wa kwanza niliyemfahamu kwa jina alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyekuja kuuza nguo na chumvi katika mnada wetu. Kunialika mimi ni sawa na kumwita mchungaji wa ng'ombe awafundishe wavuvi kutupa nyavu. Lakini nimekuja, nami nitasema zaidi yale yaliyotushinda kuliko yale tuliyoyaweza.

Kwanza nitaje deni langu. Misioni ya Kilutheri ya Norwe, iliyofanya kazi ya Injili upande wetu wa Mbulu, ilianzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya nchi ya China. Kwa zaidi ya miaka 50 Wakristo wa vijiji vya Norwe waliiombea China na kuichangia. Baada ya mwaka 1949 mlango wa China ulifungwa, wamisionari wakaondoka, wakatafutiwa mashamba mengine, na Tanganyika ikawa mojawapo. Mwaka 1955 hospitali ya Haydom ikafunguliwa, jirani yetu kabisa. Wale wazee waliopiga magoti kule kwenye theluji hawakuwahi kulisikia jina la Maretadu. Wao walitaja majimbo ya China. Mimi ninayesimama mbele yenu ni tunda la maombi yaliyoombwa kwa ajili ya watu wengine. Na kule China nako Kanisa halikufa.

Sasa niwarudishe kwenye pwani hii yenu. Mwezi Januari mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS, alifika Unguja. Seyyid Said, aliyekuwa mtawala Mwislamu, alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake ili wamtendee mema. Krapf akaenda Mombasa. Mwezi Julai mwaka ule ule mkewe Rosine alifariki kwa homa, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Wengi tumezoea kusikia habari ya kaburi lile. Lisilosimuliwa sana ni kwamba katika mwaka huo huo aliyeketi naye kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Ndugu zangu, tulitafakari jambo hili sana katika kikundi chetu. Kazi ya kuitia Biblia katika lugha hii tunayoisema leo hapa ilisaidiwa na mkono wa Mwislamu mwenye elimu, aliyemvumilia mgeni aliyekosea matamshi. Krapf hakuona mavuno makubwa. Alirudi Ulaya akiwa na afya iliyovunjika, na mwezi Novemba mwaka 1881 walimkuta amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Katika kitabu hicho hicho cha Mwanzo, sura ya 17, Ibrahimu anamwombea Ishmaeli. Mungu amekwisha kumwahidia mwana mwingine, lakini baba hawezi kumsahau yule aliyekwisha kuzaliwa, anaomba aishi mbele za Mungu. Naye Mungu anamjibu kwamba amesikia, na jina lenyewe la Ishmaeli lina maana hiyo ya kusikia kwa Mungu. Angalieni kwamba Ibrahimu anaomba kama baba. Haombi dhidi ya Ishmaeli.

Hapa ndipo tuliposhindwa sisi. Katika miaka ya 1980 na 1990, ilipopamba moto mihadhara ya hadharani na vipaza sauti vya pande zote mbili, maombi yetu yalibadilika sauti. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalipovunjwa Dar es Salaam, na tena Oktoba 2012 makanisa yalipochomwa Mbagala, tuliomba kwa uchungu, na uchungu huo haukuwa bila sababu. Lakini tuliomba kama watu wanaopeleka kesi mahakamani. Tulimwomba Mungu "awavunje", "awaaibishe". Jumatano tuliomba hivyo, na siku ya mnada tulimsalimu yule Mrangi kwa tabasamu na kunywa chai yake. Siku moja mama mmoja wa kikundi, ambaye hajui kusoma, aliuliza swali lililotunyamazisha: huyu mwenye duka anayetukopesha sukari tunapofiwa, naye yumo katika hao tunaoomba wavunjwe?

Na kuna jambo zito zaidi. Nilipokuwa mwinjilisti kijana, katika mtaa mmoja ambao sitautaja, alibatizwa mama mmoja aliyetoka katika Uislamu. Tulipiga vigelegele, kwaya ikaimba nyimbo nne. Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine: mume alimwacha, ndugu zake wakamkatia salamu, watoto wakachukuliwa. Jumapili zilizofuata tulimpa mkono mlangoni tukaenda zetu. Hakuna aliyemwuliza analala wapi. Mimi niliyemfundisha katekisimo sikumwuliza. Baada ya miezi michache hakuonekana tena, na wengine wakasema imani yake ilikuwa changa. Wapendwa, tulikuwa tumeomba miaka mingi Mungu atupe mtu. Alipotupa, hatukuwa na nyumba ya kumweka wala sahani ya kumpakulia. Sijui kama ananikumbuka. Mimi namkumbuka kila ninapofungua kinywa kuomba juu ya somo hili.

Tangu hapo kikundi chetu kilibadili utaratibu. Hatusemi tena "Waislamu" kwa jumla. Tunataja watu: mwenye duka na mkewe, dereva wa basi, mgonjwa wa kutoka Singida aliyelazwa Haydom kitanda cha jirani. Tunaomba mvua ya mashamba yao na afya ya watoto wao, kisha tunaomba wamjue Kristo, na hatuoni haya kuomba hivyo. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa dini, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Uhuru huo ni wao kama ulivyo wetu. Kwa sababu hiyo tunaomba pia hospitali isigeuzwe kuwa chambo. Dawa ni dawa. Mgonjwa akipona na kubaki Mwislamu, tumshukuru Mungu kwamba amepona.

Na kabla ya kumwomba Mungu atupe mtu, tunaulizana ni nyumba ya nani itakayempokea. Mwaka wa kwanza ni mama mmoja tu aliyeinua mkono. Sasa wako saba, na wanaume ni wawili; nawaomba akina baba wa hapa wasinicheke, hata kwenu hesabu huenda si nzuri zaidi.

Ninyi mna miaka 100 na jirani ambao sisi hatuna. Mnawajua kwa majina, kwa misiba na kwa harusi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine juu ya Klamroth na wamisionari wa Berlin, lakini jua limekwenda na Baba Mchungaji anaitazama saa.

Kwetu Wairaqw kuna desturi ya slufay, maombi ya baraka ya wazee: mmoja hutamka, na wote huitikia kwa pamoja kila anapopumzika. Tutaomba kwa mtindo huo. Mama yetu mkubwa kati ya wanne hawa ataongoza kwa Kiiraqw, nami nitatafsiri. Ninyi itikieni amina. Akinyamaza katikati, kila mmoja ataje jina la jirani yake mmoja kwa sauti yake mwenyewe. Tusimame.