Swali Baada ya Hadithi: Kusoma kwa Kuhoji na Kubuni katika Shule za Msingi



1. Utangulizi

Mwaka 2015 Tanzania ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Hatua hiyo ilihitajika, kwani mtoto asiyeweza kuunganisha silabi hawezi kuhoji anachosoma. Mada hii inahusu kinachofuata. Mtoto akishajua kusoma, maswali ambayo sisi walimu tunamuuliza ndiyo yatakayomfanya msomaji wa kukariri au msomaji wa kufikiri.

2. Tunachouliza sasa

Baada ya kifungu cha habari huja maswali ya ufahamu: nani alifanya nini, wapi, lini. Mwanafunzi mjanja hutafuta katika kifungu neno lililomo kwenye swali, kisha hunakili sentensi nzima. Anapata vema zote, na huenda hakuelewa kitu. Maswali hayo yana kazi yake, lakini yakiwa peke yake yanamzoesha mtoto kuamini kwamba kila jibu limekwisha kuandikwa na mtu mwingine.

3. Mfano: Abunuwasi na sufuria

Kisa hiki tunakijua. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na kisufuria, akidai imezaa. Jirani anapokea vyote. Abunuwasi anapoazima tena, harudishi kitu. Anasema sufuria imekufa. Jirani anakuja juu.

Tuulize: kwa nini jirani hakubisha siku ile ya kwanza? Hakuna sentensi ya kunakili. Mtoto analazimika kulinganisha siku mbili na kugundua kwamba jirani aliukubali uongo ulipomnufaisha na kuukataa ulipomtia hasara. Kisha tuulize: Abunuwasi ni mwerevu au ni mwizi? Darasa litagawanyika, na kila upande uoneshe tukio linalouunga mkono. Huko ndiko kusoma kwa kuhoji.

Sasa tuwape kazi ya kubuni: jirani anamsimulia mkewe kisa hiki jioni, andika maneno yake. Sharti ni moja: matukio yasibadilike. Mwanafunzi ataanza kujiuliza jirani atataja nini na ataficha nini. Je, atakiri kwamba alikipokea kisufuria bila kuuliza? Mtoto hawezi kubuni masimulizi hayo bila kumchunguza jirani, wala hatamwelewa jirani vizuri kabla ya kujaribu kusema kwa kinywa chake. Kwa hiyo si sahihi kuuacha uhakiki usubiri sekondari na kuufanya ubunifu kuwa burudani ya Ijumaa.

4. Pingamizi

Wapo wanaohofu kwamba mtoto aliyezoea kuhoji atakuwa mbishi kwa wakubwa. Lakini mbishi hukataa tu. Msomaji tunayemlea hapa anatakiwa kusikiliza hoja ya mwenzake hadi mwisho, kisha aseme hakubaliani na kwa nini. Hiyo ni adabu, tena ni adabu ngumu.

Pingamizi la pili ni uhaba wa vitabu na wingi wa wanafunzi. Ni kweli. Hata hivyo, kisa kifupi kinaweza kuandikwa ubaoni au kusomwa kwa sauti mara mbili, kisha kijadiliwe katika vikundi vya watoto watano au sita.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila zoezi la ufahamu liwe na angalau swali moja lisilo na jibu la kunakili. Pili, mwalimu atoe alama kwa sababu na ushahidi, si kwa upande aliouchagua mwanafunzi. Tatu, akishauliza asubiri. Asikimbilie kujibu mwenyewe wala kumchagua yule yule anayenyoosha mkono kila siku. Nne, watunzi wa mitihani ya shule na ya kata waanze kuuliza maswali ya aina hii, maana kisichopimwa huachwa haraka darasani.

Naomba vikundi vya mchana vya mkutano huu vichukue kifungu kimoja cha kitabu cha kiada cha darasa la nne na kukitungia maswali mawili: moja la kuhoji na moja la kubuni. Tuyajaribu madarasani kabla ya kukutana tena.