Akili Inapobadilika Baada ya Safari
(Matini ya mazungumzo juu ya ugonjwa wa malale na vipimo vyake, kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mazungumzo haya yanahusu maradhi ambayo hayaambukizwi Unguja wala Pemba, na hiyo hasa ndiyo sababu ya kuletwa mbele ya wananchi. Maradhi yasiyokuwepo visiwani hayamjii mtu akilini: hayamjii mgonjwa, jamaa zake wala mkuu wake wa kazi, na pengine hata daktari anayempokea. Maradhi hayo ni malale. Huanza kama homa, huishia katika ubongo, na yasipotibiwa huua.

Wapo wenyeji wa visiwa hivi wanaosafiri kwenda mikoa ya bara kwa kazi, biashara na masomo, na miongoni mwa sehemu zinazovuta watu ni Nyamongo, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2002. Nyamongo iko karibu na mto Mara. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Serengeti, na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti haiko mbali. Mtu anayefanya kazi mjini na kulala mjini hana la kuhofu sana. Mwenye kuhitaji hadhari ni yule ambaye shughuli zake zinampeleka porini: dereva, mlinzi, mpimaji ardhi, mchunga ng'ombe, mrina asali, na mgeni aliyekwenda kuangalia wanyama siku mbili akarudi.

Mwenye kuleta maradhi ni mbung'o, ambaye bara huitwa pia ndorobo. Huuma mchana, huuma kwa maumivu, na hufuata kitu kinachokwenda, pamoja na nguo za rangi ya buluu na nyeusi. Hubeba kimelea kidogo sana kiitwacho tripanosoma, alichokipata kwa kunyonya damu ya mnyama wa porini kama vile pongo, au ya ng'ombe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kimelea cha aina inayompata binadamu katika damu ya baadhi ya ng'ombe wa wilaya ya Serengeti. Kabla ya hapo, mwaka 2001, watalii kadhaa waliozuru hifadhi za Tanzania waligunduliwa na malale baada ya safari zao, wengine wakiwa wamekwisha kurejea makwao Ulaya. Wagonjwa wa malale siku hizi ni wachache mno Tanzania, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini uchache huo ndio unaofanya mgonjwa mmoja akapitwa bila kujulikana.

Wazee wa Unguja wanamjua mbung'o. Alikuwepo kisiwani, Jozani na kwengineko, akiwaletea ng'ombe ugonjwa wa nagana. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga na kuondolewa uwezo wa kuzalisha yalimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, mamilioni kwa mamilioni, hata majike yakakosa kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa imesafika. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo hajapata kumuona mbung'o, na akiumwa naye huko Mara atadhani ni nzi wa kawaida.

Malale ya Afrika ya Mashariki hayana subira. Yale ya Afrika ya Magharibi na ya Kati humkaa mtu miaka; haya ya huku hukamilisha kazi yake kwa wiki au miezi michache. Pahala alipoumwa pengine patafanya kidonda chekundu chenye kuuma. Kisha huja homa, kichwa, maumivu ya viungo na kuvimba kwa tezi. Hapo vimelea vingali katika damu. Baadaye huvuka na kuingia katika ubongo, na mwili unapopigana navyo, ubongo wenyewe pamoja na ngozi laini inayoufunika huvimba. Hapo ndipo akili inapoanza kubadilika.

Jina la malale limewapoteza wengi, kwa kuwa watu hungojea kumuona mgonjwa amelala fofofo. Ukweli ni kwamba usingizi wake hauzidi sana, unapinduka. Usiku yu macho, mchana anasinzia, na usingizi humshika ghafla hata akiwa ameshika kijiko. Pamoja na hayo husahau maneno aliyoambiwa asubuhi, hukasirika bila ya sababu au hucheka pasipo la kuchekesha, hutetemeka mikono, na mwendo wake huyumba.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, habari ya mtumishi aliyekuwa mwangalifu na mwenye kufika kazini kwa wakati. Amekwenda Mara kwa wiki tatu na kurejea. Baada ya mwezi anasinzia mezani, anakosea hesabu alizokuwa akizifanya kwa ghibu, na anamjibu mkuu wake kwa ukali. Ofisini huandikwa barua ya onyo. Nyumbani husemwa amerogwa, au ameanza ulevi. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa, anafungiwa hirizi, na wiki zinapita. Hakuna katika hao aliyemtakia ubaya. Ila kila mmoja alitafuta sababu katika mambo anayoyajua, na hakuna aliyeuliza alikuwa wapi.

Hospitalini, kipimo cha kwanza cha akili hakihitaji mashine. Mgonjwa huulizwa leo ni siku gani na hapa ni wapi. Hupewa maneno machache ya kukumbuka, na baada ya dakika chache huombwa ayataje. Huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hugonganisha vidole upesi upesi. Huifuatisha mikono ya mpimaji. Kipimo kimoja cha namna hii, kilichojaribiwa Uganda na Marekani na kutangazwa mwaka 2005, kilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao virusi vya ukimwi vimewaathiri ubongo. Alama zake ni 12, na mwenye kupata 10 au chini yake huchunguzwa zaidi. Kingine kilifanyiwa kazi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee. Na kwa kuwa wengi wa wazee hao hawakuzoea kalamu, badala ya kuchora huombwa kupanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano.

Jambo la njiti za kibiriti si dogo. Mtu asiyepita skuli akiambiwa achore saa na ashindwe, lililopimwa ni skuli na si ubongo. Mvuvi wa Nungwi huenda asijue leo ni tarehe ngapi ya Kizungu, lakini atakwambia bila kufikiri ni mwezi ngapi na kama ni bamvua au maji mafu. Huyo akili yake iko sawasawa. Mzee wa Kikurya akiulizwa kwa Kikurya atajibu mengi ambayo kwa Kiswahili angeyanyamazia. Hivyo basi mpimaji hana budi kumjua anayempima, na asipomjua, amuulize mkewe, mumewe au mwanawe: je, hivi ndivyo alivyokuwa siku zote?

Aidha ifahamike kwamba kipimo cha akili huonesha kuwa kuna jambo, hakioneshi ni jambo gani. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ukimwi, kaswende ya siku nyingi na hata upungufu wa sukari, vyote humshusha mtu alama. Sababu hutafutwa katika damu na katika maji ya uti wa mgongo.

Katika damu kuna mtego ambao wananchi na wahudumu wa afya wanapaswa kuujua. Zamani kila mwenye homa alitolewa tone la damu likaangaliwa kwa hadubini, na mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kukutana na tripanosoma ikiogelea. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika siku hizi ni kizuri kwa kazi yake, lakini hakimuoni mgeni mwengine yeyote. Kikisema hakuna malaria, mgonjwa huambiwa hana kitu. Na kikisema ipo, hutibiwa malaria peke yake. Wala hakuna kipimo cha haraka cha namna hiyo kwa malale ya Afrika ya Mashariki. Hadubini ndiyo tegemeo, na hadubini huangaliwa kwa makini pale tu daktari anapokuwa na sababu ya kushuku.

Ama maji ya uti wa mgongo, hayo yana historia yake katika eneo hili. Mwaka 1902, huko Entebbe, wakati malale yakiangamiza watu kwa maelfu pwani za Ziwa Viktoria, daktari wa Kitaliani Aldo Castellani aliyaona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Tangu hapo sindano ya mgongo imekuwa ndiyo njia ya kujua kama maradhi yamefika ubongoni: vikionekana vimelea, au zikizidi chembe nyeupe 5 katika mikrolita moja ya maji hayo, hesabu ni kwamba yamefika. Maji huangaliwa papo hapo, kwani vimelea hufa kwa dakika chache nje ya mwili.

Wengi huiogopa sindano hiyo kwa kusikia kwamba hupoozesha. Sindano huingizwa kiunoni, chini ya pale unapoishia uti wenyewe, mahali penye maji na mishipa inayoelea na kusogea. Mgonjwa anaweza kuumwa na kichwa siku moja au mbili, naye hulazwa na kunyweshwa maji kwa wingi.

Sababu ya kusisitiza upimaji ule ilikuwa dawa. Aliyewahi, alitibiwa kwa suramini. Aliyechelewa, alipewa melasoprolo, dawa yenye aseniki ndani yake, ambayo katika kila wagonjwa 100 huwaharibu ubongo 5 hadi 10, na karibu nusu ya hao hufa kwa dawa na si kwa maradhi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya, baada ya majaribio yaliyofanywa Malawi na Uganda: vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10, hutumika katika hatua zote mbili kwa mwenye umri wa miaka 6 au zaidi na uzito wa kilo 20 au zaidi. Dawa za malale hutolewa bure kupitia Shirika hilo. Sindano ya mgongo haikuondoka: mtoto mdogo bado huihitaji kabla ya kuchaguliwa dawa, na ndiyo inayotenganisha malale na maradhi mengine ya ubongo.

Baada ya tiba, kipimo cha akili hurejewa, na hapo ndipo faida yake inapoonekana zaidi, kwa kuwa alama za mwanzo hulinganishwa na za sasa. Wapo wanaorudi kama walivyokuwa. Wapo wanaobaki na usahaulifu au usingizi mbaya kwa muda mrefu. Mtumishi wa namna hiyo arejeshwe kazini kwa daraja, apewe kwanza kazi nyepesi, na asikabidhiwe gari wala fedha mpaka daktari aridhike.

Wakuu wa idara wanaombwa, kabla ya kuandika onyo kwa mtumishi aliyebadilika tabia, wafungue jalada lake la safari na waangalie miezi michache iliyopita. Masheha nao wanaombwa wawaulize jamaa swali hilo hilo. Na mgonjwa anapopelekwa hospitali, afuatane na mtu anayejua alikokwenda na siku alizorejea, aliseme hilo mwanzo kabla ya kuulizwa; kwani mgonjwa mwenyewe huenda asikumbuke tena kwamba aliwahi kufika Mara.