Upepo wa Ghafla Juu ya Johannesburg

Kuanzia Oktoba hadi Machi, mawingu ya radi hutanda alasiri juu ya nyanda za Highveld. Uwanja wa ndege wa O.R. Tambo wa Johannesburg, ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uko katikati ya nyanda hizo.

Ndege inayoshuka karibu na dhoruba hukutana kwanza na upepo wa mbele. Kasi ya ndege hewani hupanda, na rubani huvutika kupunguza nguvu za injini. Mara upepo huikandamiza chini, kisha huigeukia kutoka nyuma. Kasi huporomoka, ardhi iko karibu.

Ndivyo ilivyoanguka ndege ya shirika la Delta huko Dallas, Marekani, Agosti 2, 1985. Watu 137 walikufa.

Katika mwinuko wa Johannesburg hewa ni nyepesi, na injini hupungukiwa nguvu za kujinasua. Kwa hiyo rubani anayeghairi kutua na kupaa tena asilaumiwe kwa kuchelewesha abiria.