Mwili Umetulia, Akili Bado Imenaswa

Aliyeona jambo baya akahamaki huwa tunamwambia, "Tulia." Ushauri mzuri, ila naona unachanganya mambo mawili: mwili kutulia na akili kunasuka. Mwaka 2007, Catherine Ortner na wenzake walichapisha utafiti uliopima jambo hili kwa njia nyepesi mno. Mtu anaoneshwa picha, ya kupendeza, ya kawaida au ya kuchukiza. Punde inalia sauti, naye abonyeze kitufe kueleza kama ni nyembamba au nzito. Picha haihusiani kabisa na sauti, lakini ikiwa mbaya, kidole huchelewa. Kuchelewa huko, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, ndiko kunakoonesha akili imebaki wapi.

Na ikiwa wenye mazoea ya tafakuri hawacheleweshwi sana na picha mbaya, huenda ni watulivu tu tangu kuzaliwa? Ndiyo maana, katika sehemu ya pili ya utafiti huo, watu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, kwa wiki 7. Kundi moja lilifundishwa tafakuri ya uzingativu, yaani kukitazama kilichopo sasa, iwe pumzi, iwe uchungu, bila kukihukumu wala kukikimbia. La pili lilifundishwa kujilegeza, la tatu likangoja zamu yake. Mwishowe, kipimo cha umeme wa ngozi, ambao hupanda mtu anaposhtuka, kilionesha kwamba mshtuko mbele ya picha mbaya ulikuwa mdogo kwa makundi yote mawili yaliyofundishwa. Hadi hapo kujilegeza kungetosha. Lakini kucheleweshwa na picha hizo kulipungua kwa waliojifunza uzingativu peke yao. Ngozi ilitulia kwa makundi yote mawili. Akili ilinasuka kwa moja.

Atasema mtu kwamba kitufe cha maabara si ugomvi wa kweli. Ni haki yake, na mwaka 2018 Nicholas Van Dam na wenzake walionya kwamba sifa za uzingativu zimeutangulia ushahidi. Nami sidai kwamba wiki 7 zitamaliza hasira ya mtu. Ila jaribio lile la kitufe halikumtegemea mshiriki aseme anajisikiaje. Lilimpa kazi nyingine ya kufanya wakati ubaya ungali kichwani. Dereva aliyetukanwa kwenye makutano naye yumo katika hali hiyohiyo: tusi limeshapita, na mbele yake kuna mtoto anavuka barabara.