Kozi ya Mtandaoni Inayofundisha Kweli

Maandalizi ya kozi ya mtandaoni huanzia mwisho wake: mwanafunzi akimaliza, ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi kukifanya? Anayeandaa kozi ya hesabu za duka huamua kwanza kwamba mwanafunzi ataweza kutunza daftari la mauzo na kukokotoa faida ya mwezi. Hutunga mtihani wa kupima hayo, kisha mazoezi ya kumfikisha huko, ndipo aandike masomo. Wengi huenda kinyume. Hurekodi video, halafu wakatafuta la kuuliza, na kozi ikajaa maneno huku kazi za mwanafunzi zikiwa haba.

Video yenyewe ina kiasi chake. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichapisha uchunguzi wa kozi za jukwaa la edX, uliohusu mamilioni ya vipindi vya kutazama, wakaonyesha kwamba video fupi, zisizozidi dakika 6, ndizo zinazowashika watazamaji. Kwa hiyo mhadhara wa saa nzima hukatwa vipande, kila kipande na hoja yake, na kila kipande hufuatwa na swali. Swali hilo ni sehemu ya kujifunza kwenyewe. Watafiti Roediger na Karpicke, katika majaribio yao ya mwaka 2006, waligundua kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma upya.

Afrika Mashariki lipo pia suala la bando. Video ikiwa nzito, bando la siku huisha kabla ya somo. Sauti na maandishi hula kidogo sana. Mfumo wa Moodle, unaotumiwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, una programu ya simu inayomwezesha mwanafunzi kupakua masomo penye mtandao na kuyasoma baadaye pasipo mtandao. Kozi yoyote inastahili kujaribiwa kwenye simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao ni dhaifu, kabla ya kufunguliwa.

Hata hivyo, teknolojia haishindi upweke wa mwanafunzi. Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua bure kozi ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Kujiandikisha bure ni rahisi, na kuacha pia ni rahisi, hasa pale ambapo hakuna anayeuliza mwanafunzi amepotelea wapi. Kinachomrudisha ni tarehe ya kukusanya kazi, kundi dogo la wenzake, na zaidi ya yote mwalimu anayesoma kazi yake na kumwonyesha alipokosea wakati bado anaikumbuka. Mkufunzi mmoja hawezi kufanya hivyo kwa wanafunzi elfu moja.

Chuo kinachopanga bajeti ya kozi ya mtandaoni kitenge kwanza malipo ya wakufunzi wa kutosha, ndipo kifikirie kamera na studio.