Kamba ya Mwaloni Isipande Mchikichi: Mada kuhusu Viunganishi na Mafundo ya Kukwelea Miti



Hapa Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna anayehitaji kufundishwa thamani ya kamba. Boti za kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini hufungwa kwa kamba, nyavu za dagaa huvutwa kwa kamba, na mtoto wa mwaloni hujua kufunga mtumbwi kabla hajajua kusoma. Ujuzi huohuo ndio unaotuponza tukigeukia michikichi. Mtu huchukua kipande kilichobaki chomboni, akakizungusha shinani na kiunoni, akashika panga, akapanda. Nimekuja kulipinga jambo hilo.

Miche ya aina ya Tenera inayotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga huanza kuzaa ingali mifupi, na mkungu wake hukatwa mtu akiwa amesimama chini. Lakini michikichi yetu ya zamani ya aina ya Dura imekwenda juu sana, na bado inatoa mawese. Maadamu ipo, mkwezi atapanda.

Kamba nyingi za uvuvi, zile za bluu, kijani au rangi ya chungwa, ni za plastiki inayoelea. Kwa mvuvi hiyo ni sifa. Kwa mkwezi ni onyo. Plastiki hiyo huliwa na jua na huyeyuka mapema: polipropilini kwenye nyuzi joto karibu 165, polithini hata kabla ya hapo, ilhali nailoni huvuka 210. Mtaniuliza, mchikichini moto unatoka wapi? Unatoka kwenye msuguano. Fundo lililobeba mtu likiteleza ghafla juu ya kamba, sehemu inayosuguana hupata joto kali kwa muda mfupi mno.

Pimeni hivi. Kateni kipande cha urefu wa kiganja, mkiminye chini ya maji ya ziwa mpaka hewa iishe, kisha mkiachie. Kikielea, hiyo ni kamba ya mtumbwi. Kikizama, msishangilie bado, kwa kuwa katani nayo ikilowa huzama, na huweza kuoza ndani huku nje ikionekana nzima. Kamba ya kukwelea ni ya nailoni au poliesta, ina moyo ndani na ganda lililosukwa nje, na huja na maandishi ya nguvu yake. Kipimo cha Ulaya kwa kamba za kufanyia kazi juu hudai angalau kilonyutoni 22, sawa na kubeba takriban tani mbili na robo.

Sasa viunganishi. Karabina ni pete ya chuma au aluminiamu yenye mlango. Zile ndogo za kuning'inizia funguo zinafanana nayo sana, na nyingine zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba si za kupandia; anayeuziwa hasomi. Karabina ya kweli imechorwa ubavuni nguvu yake: kwa urefu kilonyutoni 20 au zaidi, kwa upana mara nyingi 7 tu. Tofauti hiyo ndiyo roho ya jambo. Pete ikijigeuza ikavutwa kwa upana, au ikikandamizwa na shina, umebaki na theluthi ya ulichonunua.

Mlango nao una mambo. Ule usio na kufuli husukumwa na vikonyo vya makuti yaliyokatwa, ukafunguka mwenyewe. Ule wa kuzungusha parafujo hulegea kwa kutikisika. Kwa mchikichi nachagua unaojifunga wenyewe, ambao haufunguki mpaka mkono ufanye vitendo viwili au vitatu tofauti. Shakeli ya boti siikatai, mradi imepigwa chapa ya uzito inaobeba na pini yake imefungwa kwa waya.

Kuhusu mafundo, wavuvi mnapenda fundo la kitanzi linalofunguka upesi hata likilowa. Juu ya mti wema huo unageuka ubaya, kwa sababu likikosa uzito na kutikiswa hulegea. Tumieni fundo la nane, ambalo mkia wake hurudi ukifuata njia ileile. Mwenzako akiwa chini huliona mara moja kama limekosewa. Kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, robo au hata theluthi. Mkia usipungue mara kumi ya unene wa kamba. Mimi huacha shubiri nzima.

La pili ni fundo la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik wa Austria, aliyelieleza mwaka 1931. Kitanzi cha kamba nyembamba huzungushwa mara tatu juu ya kamba nene. Ukikiegemea hubana, ukikipunguzia uzito husogea kwa mkono. Kwa kamba ya milimita 12, kitanzi kiwe cha 8, kwani kikilingana na kamba nene hakitashika vizuri. Ncha zake huungwa kwa fundo ambalo duniani linaitwa la mvuvi, maradufu. Katika mkanda wako wa kiunoni, upande mmoja weka karabina na upande wa pili Prusik, nawe utafupisha au kurefusha mzunguko wa shina bila kufungua chochote.

Na panga? Pigo moja lililokosea mkungu hukata kamba yoyote niliyoitaja. Kwa hiyo mizunguko iwe miwili, mmojawapo uwe na waya wa chuma ndani. Hata ukivuka kikonyo, ule wa juu ufungwe kwanza ndipo wa chini ufunguliwe.

Wakwezi wengi hawawezi kununua vitu hivi. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri wajibu wa kuwalinda anaowafanyisha kazi. Mwenye shamba, kesho ukimwita mkwezi, mwombe kwanza akuoneshe kamba yake. Ikiwa inaelea, mnunulie nyingine kabla hajagusa shina.