Khabari ya Miezi Sita: Nani Ailipie?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa matawi, Jumapili jioni. Tunayachapa kamili kwa kuwa wengi walikosa nafasi ya kuingia ukumbini.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya magazeti, na najua wengi wenu mmekuja mkitaraji malalamiko. Malalamiko tunayo. Mwaka 2003 lilipofungiwa gazeti la Dira, lililokuwa gazeti la kwanza la watu binafsi kutoka visiwani humu tangu 1964, tulilalamika mpaka sauti zikatukauka. Lakini leo sikuja kulalamika. Nimekuja kuomba fedha, na mtu hutoa kwa moyo mkunjufu akijua anachokinunua, basi sina budi nieleze kwanza.

Nataka tuwalipe waandishi vijana, mmoja baada ya mmoja, wakae miezi 6 wakichunguza jambo moja tu. Huo ndio ufadhili wa uandishi wa uchunguzi: kijana hupewa posho ya kuishi, nauli, gharama za nakala na za wakili, na mzee wa kazi wa kumwongoza, kisha huachwa akatafute. Katika nchi nyingine jambo hili ni la miaka mingi. Kwetu, anayetaka kuchunguza hujitegemea mwenyewe, na ajitegemeaye kwa mshahara wa mwandishi hafiki mbali.

Mimi nilianza kazi hii nikiwa na umri wa miaka 22, katika gazeti nisilotaka kulitaja. Sikuwa na mshahara. Nikilipwa kwa khabari iliyochapwa, na isiyochapwa haikuwa na malipo hata ya nauli. Ukija mwito wa semina hotelini nakwenda mbio, kwani mwishoni hugawiwa bahasha, na ndani ya bahasha mna kitu cha kupeleka nyumbani. Nyote mnaijua bahasha. Anayeitoa ndiye mwenye khabari, na sijapata kuona bahasha iliyotolewa na mtu anayetaka siri yake ijulikane.

Siku moja mzee wa kijijini kwetu alinionesha karatasi za shamba la mikarafuu, ambalo warithi wake walikwisha kufa na bado lilikuwa likiuzwa kwa saini zao. Nilizisoma usiku kucha. Nikahesabu: safari 4 za Pemba, ada za nakala mahakamani, wiki 6 bila ya kuandika kitu kingine. Asubuhi nikazifunga zile karatasi nikamrejeshea. Hakunitishia mtu, wala mhariri hakunikataza. Mchele ndio ulionikataza.

Sasa nitakuelezeni kisa cha mtu aliyepata nauli.

Tarehe 16 Machi 1968 askari wa Marekani waliingia katika kijiji cha My Lai, Vietnam ya Kusini, wakawaua mamia ya wanakijiji, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hesabu ya Wavietnam wenyewe ni watu 504. Kwa mwaka mmoja na nusu raia wa Marekani hawakulijua jambo hilo. Mnamo Septemba 1969 jeshi likatangaza kwa maneno machache kuwa luteni mmoja, William Calley, ameshitakiwa kwa kuua raia. Ni wangapi, halikusema. Magazeti yakachapa mistari michache, na mambo yakalala.

Mwezi uliofuata, mwandishi mmoja wa miaka 32, Seymour Hersh, akadokezwa kuwa chini ya mistari ile kuna jambo kubwa. Alikuwa hana gazeti la kumwajiri. Bahati njema ni kuwa mwaka ule ule Philip Stern, mtu mwenye mali yake, alikuwa ameanzisha mfuko mdogo wa kuwasaidia waandishi wa uchunguzi. Hersh akaomba, akapewa dola 250. Kwa nchi kama Marekani hizo si fedha za kutajwa, lakini zilimfikisha Salt Lake City kwa wakili wa yule luteni. Pale mezani, hati ya mashtaka ikiwa imeelekezwa kwa wakili, Hersh aliisoma kichwa chini miguu juu, akaona idadi: watu 109. Kisha akaenda kambi ya Fort Benning, akamtafuta Calley kutwa nzima, jengo baada ya jengo, mpaka akampata usiku na kuzungumza naye.

Majarida makubwa mawili, Life na Look, yaliikataa khabari hiyo. Akaisambaza kupitia shirika dogo la khabari ambalo jina lake wengi walikuwa hawajapata kulisikia, na katikati ya Novemba 1969 magazeti zaidi ya 30 yakaichapa. Mfuko ukamwongezea dola 2,000 aendelee. Mwaka 1970 akapewa tunzo ya Pulitzer.

Naomba mlitazame jambo moja katika kisa hiki. Magazeti makubwa ya nchi ile yalikuwa na waandishi na fedha maelfu kwa maelfu kuliko dola 250, na tangazo la jeshi lilikuwa mikononi mwao kama lilivyokuwa mikononi mwa Hersh. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mwandishi: chukua nauli hii, nenda, nami sitakuuliza utarudi na nini.

Lakini tusijidanganye. Hersh hakuwa mwanagenzi. Alikwisha kufanya kazi katika shirika la khabari la Associated Press, na makao makuu ya jeshi aliyajua mlango kwa mlango. Kijana wetu aliyetoka chuoni jana hana hayo, na ukimpa fedha peke yake umempa kamba ya kujinyongea. Hili lilifahamika hapa kwetu Tanzania. Mfuko wa vyombo vya khabari ulioitwa TMF, ulioanza mwaka 2008, ulitoa ruzuku kwa mwandishi mmoja mmoja na kuwaunganisha na waandishi wazoefu wa kuwaongoza. Ni kazi njema, na waliofaidika wapo. Ila fedha nyingi zilitoka kwa serikali za ng'ambo, na fedha za ng'ambo ni kama kaskazi: hazivumi mwaka mzima, wala hatuwezi kuzipangia siku ya kuja. Ndiyo maana nasema tuanze na zetu, ziwe chache namna gani.

Kuna wazee walioniambia kuwa kisiwani hatujifichi, na kijana atakayefukua mambo atajulikana kabla hajamaliza. Wamesema kweli. Malta nayo ni kisiwa. Daphne Caruana Galizia aliandika huko peke yake juu ya rushwa ya wakubwa, akafunguliwa kesi za kashfa zaidi ya 40. Mnamo Februari 2017 waziri mmoja alipata amri ya mahakama ya kuzifungia fedha zake benki. Wasomaji wake wakachanga kwa siku chache kiasi cha kuzifidia. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo aliuawa kwa bomu lililotegwa garini mwake. Waandishi 45 kutoka nchi 15 wakaishika kazi yake wakaiendeleza, na mwaka 2021 baraza la uchunguzi likasema kuwa dola yenyewe ina dhamana katika kifo chake. Simtaji ili kuwatia khofu wazazi wenye watoto wanaoandika. Namtaja kwa sababu anayefukua peke yake huzimwa akazimika nayo kazi, na kwa sababu wale wasomaji wa Malta walikuwa watu wa kawaida kama sisi, hawakungoja mfadhili.

Nimefika penye mwiba. Viongozi wetu wawili watatu, niliowaheshimu tangu utoto na ninaowaheshimu hata sasa, wameniuliza: tukimlipa huyu kijana, atatuandikia nini? Nimewajibu kuwa hatatuandikia sisi. Chama kikishika fedha kitashika na kalamu, na hapo tutakuwa tumeanzisha bahasha nyingine yenye rangi ya bendera yetu. Basi sharti langu ni hili: fedha zishikwe na watu watatu wasio na cheo chamani, kijana achague jambo lake mwenyewe, na asiwepo kiongozi wa kuisoma khabari kabla haijachapwa. Akichunguza mikataba ya fukwe, vyema. Akichunguza hesabu za michango yetu wenyewe za uchaguzi uliopita, ambazo mpaka leo hatujazisoma mkutanoni, vyema pia. Naona baadhi ya nyuso zimebadilika. Nilijua zitabadilika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wanachama 600, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa miezi 6, hupatikana shilingi 7,200,000. Nusu yake ni posho ya kijana, shilingi 600,000 kila mwezi. Nusu ya pili ni nauli, nakala, na wakili wa kuipitia kazi kabla haijatoka. Mzee wa kumwongoza hatalipwa, na kwa mwaka wa kwanza nimejitolea mimi, ikiwa kijana ataniridhia.

Yule mzee wa karatasi za mikarafuu amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mjukuu wake yumo humu ukumbini, na ameniambia zile karatasi bado wanazo.

Karatasi ya majina iko mezani kwa katibu. Aliye tayari kutoa kwa sharti nililolitaja aandike jina lake. Asiyeliridhia sharti, namwomba kwa heshima asitoe.